Alichuma mamilioni akiwa mtoto, ukubwani akakabidhiwa chenji: kisa cha Jackie Coogan

Fundi Saa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nauandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, makosa ya herufi mnivumilie. Mwenye haraka apite, mwenye muda avute kigoda.

Mliotazama Wednesday ya Netflix mnamkumbuka anko Fester, yule kipara mwenye umeme mwilini. Ile familia ya Addams ni ya zamani. Televisheni ya ABC ya Marekani iliirusha kuanzia 1964 hadi 1966, nyeusi na nyeupe, na Fester wa enzi hizo alikuwa mtu mzima mnene, kichwa kimenyolewa chote, macho yamezungushiwa weusi kama mtu aliyekesha msibani wiki nzima. Akitia balbu mdomoni, inawaka. Watoto walimpenda mpaka basi.

Basi huyo kipara, miaka 40 na ushee kabla ya hapo, ndiye alikuwa mtoto anayejulikana kuliko watoto wote duniani. Sitanii. Sura yake ilibandikwa kwenye siagi ya karanga, madaftari, filimbi na wanasesere. Alipofika Roma, Papa Pius XI alimpokea. Jina lake Jackie Coogan.

Mara yangu ya kwanza kumwona nilikuwa darasa la tano, kwenye banda umiza nyuma ya soko, kiingilio shilingi mia. Siku hiyo mwenye banda alikosa mkanda wa ngumi, akatuwekea picha ya zamani isiyo na sauti, The Kid ya Charlie Chaplin. Mtafsiri wetu alishika maiki akakaa kimya, maana hakuna cha kutafsiri. Baada ya dakika kama tano akaona aibu, akaanza kutunga. Chaplin akawa "Mzee Bakari fundi vioo" na yule mtoto akawa "Saidi". Mpaka leo nikiiangalia picha ile nasikia Saidi.

Kuna sehemu moja pale siisahau. Mtoto anatangulia mtaani na mawe mfukoni, anavunja kioo cha dirisha la watu, anakimbia. Dakika mbili baadaye baba yake wa kulea anapita na vioo mgongoni, kwa bahati nzuri kabisa, na mama mwenye nyumba anamwita atengeneze. Biashara imekaa vizuri! Sasa dogo anafika kwenye dirisha jingine, anarudisha mkono nyuma ili arushe, mkono unagusa kitu. Anapapasa. Kumbe ni koti la polisi aliyesimama nyuma yake. Hashtuki. Anageuka taratibu, anamtazama kuanzia vifungo hadi kofia, anaanza kulichezea lile jiwe kama alikuwa na nia hiyo tangu asubuhi, analitupa, anarudi nyuma kidogo kidogo, halafu mbio. Mtoto wa miaka mitano! Wapo waigizaji wa miaka 40 hawaiwezi.

Nakuja na sehemu ya pili, nachaji simu.

Kijana wa Ngamiani

Nimeweka kambi. Ila mkuu ukituacha njiani kama wale wa hadithi za majini, tutakutafuta.

Wa Likoni

Hiyo sinema nimeiona, ndugu yangu. Pale wanapogawana chapati za maji, Chaplin anazihesabu kama karata ili kila mtu apate sawa, nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Lete maneno.

Fundi Saa

Nimerudi.

Jackie alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914. Baba na mama walikuwa watu wa majukwaani, wale wa kuzunguka mji kwa mji wakiimba na kucheza kabla sinema hazijashika. Mwaka 1919 Chaplin aliingia ukumbi wa Orpheum hapohapo Los Angeles. Baba alipomaliza zamu yake, akamwita mwanawe jukwaani. Mtoto akacheza shimi, ile densi ya kutikisa mabega iliyokuwa imeshika wakati ule, akainama kwa heshima, akaondoka. Chaplin akabaki kamkodolea macho.

Chaplin mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Julai mwaka huohuo mkewe alijifungua mtoto wa kiume na mtoto yule akaishi siku tatu tu. Na tukirudi nyuma zaidi, utotoni kwake London mama yake alishindwa kumtunza, akapelekwa kwenye nyumba ya maskini na baadaye shule ya watoto wasio na kitu, akiwa na miaka saba hivi. Kwa hiyo picha ya mwanamume fukara aliyeokota kichanga jalalani na kukilea kwenye kijichumba cha chini ya paa, yeye hakuitoa hewani.

Alimjaribu Jackie kwanza kwenye picha fupi, A Day's Pleasure, halafu ndiyo wakaingia The Kid. Walipiga picha kwa zaidi ya miezi tisa, na kipande kimoja kinarudiwa mpaka watu wazima wanachoka. Namna alivyomfundisha ni rahisi: Chaplin anaigiza yeye kwanza, mkono, shingo, jicho, na mtoto anakopi. Jackie alikuwa kioo. Ukimwonyesha mara moja unaye.

Ila kulia hakukukopika. Kuna tukio watu wa ustawi wanakuja na gari kumchukua mtoto wampeleke kituo cha yatima. Anatakiwa alie kwelikweli. Siku ya kupiga, mtoto amefurahi, anacheka na mafundi, machozi hayaji. Chaplin amesimulia kwenye kitabu cha maisha yake kwamba baba yake Jackie akasema niachieni mimi. Akamwambia mtoto: usipolia, tunakutoa hapa na kukupeleka nyumba ya maskini. Jackie akaangua kilio ambacho mpaka leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, kinakata maini. Kamera zikapata zilichotaka. Chaplin akaenda kumbembeleza, hapana, hawakupeleki popote. Mtoto akamnong'oneza kwamba anajua, baba alikuwa anatania tu.

Mimi hapo huwa nasimamisha picha. Mtoto amekopeshwa hofu, ametoa mali, na bado yeye ndiye anamtuliza mtu mzima.

Bi Shonga

Jamani huyo baba! Halafu mnasema ni mapenzi.

Kichwa Ngumu

Dada punguza munkari. Sisi wote tumetishiwa kupelekwa polisi ili tule ugali. Mbona hatujafa?

Bi Shonga

Wewe ulikula ugali, kaka yangu. Yeye kilio chake kiliuzwa tiketi.

Fundi Saa

Hahaha, Bi Shonga umenimalizia uzi.

The Kid ilitoka mapema 1921 na ikalipuka. Kuanzia hapo Jackie akawa kiwanda. Mwaka huohuo Peck's Bad Boy, mwaka uliofuata Oliver Twist pamoja na Lon Chaney, halafu Daddy, Circus Days, Long Live the King, A Boy of Flanders, moja baada ya nyingine. Nywele zake za kukatwa mviringo usoni zilikuwa mali, mpaka ilipofika 1927 anakua, wakaamua kumnyoa na kuifanya kunyolewa kwenyewe kuwa sinema. Wenye pesa hawatupi hata nywele.

Mwaka 1924 walimpeleka Ulaya kwa meli kuchangia shirika la Near East Relief, lililokuwa likisaidia yatima wa Kiarmenia na Kigiriki waliokimbia mauaji na vita. Alizunguka Marekani kwanza, kisha akavuka bahari hadi Ugiriki. Chakula na nguo zilizopatikana zilifika thamani ya zaidi ya dola milioni 1. Ndiyo safari hiyo alipokutana na Papa. Kwa hiyo mtoto yule alilisha yatima ambao hata hajui majina yao. Shikeni hilo.

Yeye mwenyewe, posho yake nyumbani ilikuwa dola 6 na senti 25 kwa wiki. Pesa nyingine zote, aliambiwa, zinatunzwa. Akikua atazikuta.

Kijana wa Ngamiani

"Zinatunzwa." Pesa zangu zote za Idi zilikuwa "zinatunzwa" na bi mkubwa. Nina miaka 34, bado nasubiri.

Wa Likoni

😂😂 Hizo zilijenga choo, usiulize tena.

Fundi Saa

Sasa tunaingia penyewe.

Mei 1935. Jackie ana miaka 20, anasubiri Oktoba atimize 21 apewe chake. Alikuwa ametoka Mexico kuwinda njiwa pamoja na baba yake, rafiki yake Junior Durkin ambaye naye alikuwa mwigizaji mtoto (walicheza wote Tom Sawyer na Huckleberry Finn), na wanaume wengine wawili. Baba ndiye alikuwa kwenye usukani. Barabara ya milimani mashariki ya San Diego, gari likaacha njia likabingirika bondeni. Wanne wakafa. Aliyetoka hai ni Jackie peke yake.

Oktoba ikafika, miaka 21 ikatimia, hakuna aliyemwita mezani. Mama akaolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa akisimamia mambo ya fedha ya familia. Nadhani hapa kila mmoja wenu ameshaanza kunusa.

Jackie alisubiri. Mwaka 1937 akaoa, tena akamwoa Betty Grable, ambaye vita ilipoanza picha yake ilibandikwa na askari wa Marekani kwenye kila ukuta. Wakati huo Grable bado hajawa Grable yule. Wanandoa vijana, mume jina kubwa, mfukoni upepo. Aprili 1938 akaamua kumshtaki mama yake mzazi na baba wa kambo.

Mapato yake ya utotoni yalikadiriwa kati ya dola milioni 3 na 4. Za wakati ule, wakuu! Dola ya kipindi hicho ilikuwa na mwili. Mahakamani ikaonekana zimeliwa kwenye makoti ya manyoya, vito na magari. Na utetezi wa mama ndio ulioacha watu midomo wazi. Hakukana. Alisema hakuna mtu aliyemwahidi Jackie chochote, na kila dola anayochuma mtoto kabla ya kufikisha 21 ni ya wazazi wake.

Na sheria ya California ilikuwa upande wake! Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Watu wengi wakisimulia habari hii wanasema "aliibiwa". Mahakamani neno hilo halina pa kukaa. Mshahara wa mtoto ulikuwa mali ya mzazi kisheria, kama ndama wa ng'ombe wake. Ndiyo maana kesi ilimalizika kwa kugawana kilichobaki. Baada ya gharama zote, 1939, Jackie alipata dola 126,000.

Mamilioni yale, chenji hiyo.

Mzee wa Mabawa

Wanangu, mchumia juani hulia kivulini. Huyu kivuli kilikaliwa na wengine.

Fundi Saa

Shikamoo mzee. Umesema.

Kichwa Ngumu

Naomba nipinge kidogo, msinirushie mawe kama Saidi. Nani alimpeleka jukwaani? Nani aliacha kazi zake kumsindikiza studio? Baba na mama. Mtoto wa miaka mitano hajitafutii mkataba. Mzazi akila jasho la mwanawe kidogo, kwetu sisi si jambo geni. Ukipata mshahara wa kwanza unampelekea mama, hutaki risiti.

Bi Shonga

Kichwa Ngumu, mshahara wa kwanza nampelekea mama mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu. Sijachukuliwa.

Ngoja niseme la nyumbani kwetu. Mpwa wangu alikuwa na miaka sita alipochaguliwa kucheza tangazo, kampuni siitaji. Siku mbili amesimama juani Kigamboni na sare ya shule mpya, anatabasamu na kurudia mstari mmoja. Jioni ya pili alilala kwenye bajaji na sare yake. Pesa ilipokuja kaka yangu akapiga bati nyumba. Sikatai, nyumba ilikuwa inavuja na mtoto analala humohumo. Lakini tangazo lilirushwa zaidi ya mwaka, wakaongeza pesa mara mbili, na zile nyongeza sijui zilikwenda wapi mpaka leo. Mtoto kila akijiona kwenye TV anauliza, "Shangazi, wamenilipa tena?" Yuko darasa la saba sasa. Ameacha kuuliza.

Kichwa Ngumu

Hapo kwenye nyongeza nimekuelewa. Bati nalitetea.

Wa Likoni

Je, baba yake angekuwa hai angempa? Hilo ndilo linanisumbua.

Fundi Saa

Swali zuri. Waliomwandika wengi wanamsafisha baba, kwamba yeye alikuwa na nia ya kumkabidhi mwanawe, ajali ndiyo iliharibu. Jackie mwenyewe alibaki anamwamini baba yake. Mimi sina uhakika wa mtu aliyekufa. Ninachokiona ni kwamba miaka yote aliyoishi hakuna karatasi iliyoandikwa kumlinda mtoto. Mtu mwenye nia na mwenye msimamizi wa fedha nyumbani, anashindwaje kuandika karatasi? Nia yake alikufa nayo.

Baada ya kesi mambo yalimwendea vibaya. Ndoa na Grable ilivunjika. Kazi zikawa za kuokoteza, watu walimtaka Saidi na yeye alikuwa mwanamume mwenye upara unaoanza. Inasemekana Chaplin alimsaidia pesa alipobanwa.

Kelele za kesi lakini zilifika kwa wabunge wa California, na mwaka huohuo wa 1939 ikapitishwa sheria ya watoto waigizaji ambayo kila mtu anaiita Sheria ya Coogan. Jaji akipelekewa mkataba wa mtoto auidhinishe, anaweza kuagiza sehemu ya mapato iwekwe akiba. Yeye mwenyewe haikumsaidia hata senti.

Na ilikuwa na matundu kama chujio. Mkataba usipopelekwa kwa jaji, imekula kwako. Shirley Temple, aliyemfuata Jackie kwa umaarufu, alisimulia kwenye kitabu chake kwamba kati ya zaidi ya dola milioni 3 alizochuma alikuta 44,000 hivi. (Huyu ndiye baadaye akawa balozi wa Marekani kule Ghana, 1974 hadi 1976. Aliyekuwa akicheza kwenye ngazi za Hollywood akaenda kukaa Accra na wazee wa serikali. Siku moja nitawaletea uzi wake.) Gary Coleman, yule Arnold mfupi wa Diff'rent Strokes, naye akawashtaki wazazi wake 1989. Dogo wa Home Alone, Macaulay Culkin, akaenda mahakamani ili majina ya wazazi yaondolewe kwenye amana yake. Miaka 60 baada ya Jackie, nyimbo ileile.

Matundu makubwa yalizibwa kuanzia Januari 2000. Sasa California inasema wazi mapato ni mali ya mtoto, na mwajiri analazimika kukata asilimia 15 na kuziweka kwenye akaunti ya amana mpaka mtoto akue. Watu wa studio wanaiita akaunti ya Coogan. Fikiria, jina lako linakuwa aina ya akaunti.

Kijana wa Ngamiani

Na hawa watoto wa TikTok na YouTube? Kuna mama mmoja kila siku anamrekodi mwanawe akilia, watu milioni wanatazama. Baba yake Jackie amerudi na simu.

Fundi Saa

Huko kwao wameanza kushtuka. Illinois ndiyo ilitangulia, sheria yao ilianza Julai 2024: mzazi anayempiga mwanawe video za kuingiza pesa anamwekea fungu. California ikafuata, gavana alisaini Septemba 2024 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, kwa hiyo Sheria ya Coogan sasa inawafuata hata watoto wa mitandaoni.

Kwetu Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, na inazuia kumnyonya mtoto. Lakini mtoto wa miaka sita aliyesimama Kigamboni kwa siku mbili, watu wanamwona "ameshiriki tangazo". Neno kazi halitajwi, na ukishaacha kutaja kazi hakuna mwenye haja ya kuuliza mshahara ni wa nani.

Mzee wa Mabawa

Fundi Saa mwanangu, huyu bwana vita vya pili alikuwa wapi?

Fundi Saa

Mzee, nilikuwa naiweka mwisho hii, lakini kwa heshima yako naileta sasa.

Aliingia jeshini Machi 1941, kabla Marekani haijavamiwa Pearl Harbor. Baadaye akahamia jeshi la anga akawa rubani wa zile ndege zisizo na injini, zinavutwa kwa kamba na ndege kubwa, zikifika zinakatwa kamba na kutua kimya. Hakuna kurudi juu ukikosea. Usiku wa Machi 5, 1944 zilirushwa kutoka India kuwapeleka askari wa Jenerali Wingate wa Uingereza nyuma ya Wajapani ndani ya Burma. Kiwanja walichopewa jina Broadway kilikuwa uwazi msituni. Kwenye picha zilizopigwa kutoka angani kilionekana safi. Kumbe wakata miti ya msaji walikuwa wameburuta magogo pale, yameacha mitaro, na majani yameota juu yameifunika. Ndege za mwanzo zikaparamia mitaro, zilizofuata zikazigonga za mbele gizani. Jackie Coogan alikuwa mmoja wa marubani wa kikosi hicho, na alitoka salama. Kwa mara ya pili.

Mzee wa Mabawa

Burma. Sisi tuliita Bama. Baba yangu mdogo alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, alikwenda huko na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, mwaka huohuo 1944. Alikuwa akisema mvua ya kule haianguki, inakaa. Matope mpaka kiunoni, na malaria inaua kuliko risasi. Walifika mpaka mji wa Kalewa mwezi wa kumi na mbili. Alirudi na koti moja refu la jeshi, tulilifunika wagonjwa homa kwa miaka mingi. Kumbe na huyo mtoto wa sinema alikuwa angani kulekule.

Wa Likoni

Mzee, baba yako mdogo alilipwa haki zake?

Mzee wa Mabawa

Alipewa koti.

Kijana wa Ngamiani

Duh.

Fundi Saa

Mzee umenifunga mdomo. Marahaba wangu ni wako leo.

Namalizia. Baada ya vita Jackie alirudi kwenye vipande vidogo vya filamu na televisheni, miaka na miaka, kazi ya mtu anayelipa kodi ya nyumba. Ndoa nyingine mbili zikaja na kuondoka, ya nne, na Dorothea, ikadumu mpaka mwisho. Halafu 1964 Fester, na kizazi kipya kabisa kikamjua bila kufahamu alikuwa nani. Watu wanapenda kuliandika hili kama aibu, malaika wa 1921 amegeuka kituko. Mimi naliona kinyume. The Kid alifundishwa kila unyusi na mtu mwingine. Fester alimtengeneza mwenyewe, sauti ile ya kukwaruza, macho, mwendo, na safari hii hundi iliandikwa jina lake.

Kingine kitamu: Oliver Twist yake ya 1922 ilipotea kwa miongo, mpaka nakala ikaonekana Yugoslavia miaka ya 1970, lakini yale maandishi ya katikati yanayoeleza wahusika wanasema nini hayakuwepo. Wakamfuata Jackie na mtayarishaji wa zamani Sol Lesser wasaidie kuyarudisha. Mzee wa miaka 60 ameketi anajitazama akiwa na miaka saba, anakumbuka midomo yake ilikuwa ikisema nini.

Na 1972 Chaplin aliporudi Marekani baada ya miaka 20 kuja kupokea Oscar ya heshima, Jackie alikwenda kumlaki. Mmoja mkongwe, mwingine kitambi na upara. Walikumbatiana wakalia. Safari hiyo hakuna aliyemtisha mtu.

Alifariki Santa Monica, Machi 1, 1984, akiwa na miaka 69, moyo. Mjukuu wake Keith naye aliingia sinema akiwa mtoto, na baadaye akachukua jina la Coogan.

The Kid ipo bure mitandaoni, kule Marekani haina tena mwenye haki. Ni ya saa moja na kidogo. Haihitaji mtafsiri, lakini mkitaka Saidi nawatungia.

Kichwa Ngumu

Mkuu nimesoma mpaka mwisho na nimenyamaza. Bati bado nalitetea.

Wa Likoni

Nimeirudia jana na mwanangu wa miaka saba. Kwenye gari la yatima ameniuliza kama yule mtoto analia kweli au anaigiza. Nikamwambia subiri nikaulize kwenye uzi.

Fundi Saa

Mwambie analia kweli.

Bi Shonga

Wadau, leo nimekwenda kwa kaka na simu mkononi nikamsomea uzi wote, sehemu ya mama na makoti ya manyoya nikairudia mara mbili. Amekasirika, amekunywa chai, amekubali. Tulikwenda benki kufungua akaunti ya mtoto. Wanataka cheti cha kuzaliwa. Wifi anasema kipo kwenye sanduku la bati kwa mama yake Kilosa, kaka anasema walikipeleka shule. Sasa hivi wanabishana uani, na mwenye cheti chake amekaa kwenye ngazi anawasikiliza.